Filamu Iliyosahihishwa na Wazee wa Muleba

Mwenyeji njoo, mgeni apone. Shamsia aliyaandika maneno hayo makusudi juu kabisa ya fomu yake ya kuchagua filamu, akayapigia mstari kwa rula, kisha akaikabidhi fomu ofisini huku ameridhika kama mtu aliyeshiba ndizi kwa sato.

Fomu ilirudi Jumatatu imejaa wino mwekundu.

“Methali imepinduliwa,” Mkufunzi Rutaihwa alikuwa ameandika pembeni. “Filamu haimo kwenye orodha. Na historia ya wapi hii? Ushahidi uwe mezani kwangu darasani Ijumaa saa nne. La sivyo, chagua namba moja hadi kumi na mbili kama wenzako.”

Orodha yenyewe ilibandikwa mlangoni pa ofisi yake, pale chuoni Bukoba ambapo Shamsia alikuwa mwaka wa pili wa stashahada ya ualimu. Filamu kumi na mbili, na katika zote hizo hapakuwa na hata mgomba mmoja. Zilikuwa za wafalme wa huko, meli za huko, na askari wanaokufa kwenye theluji huku wakitoa mvuke mdomoni. Kila mwanafunzi alitakiwa achague moja na kujibu maswali matatu: historia inasema nini, filamu inasema nini, na viwili hivyo vinaachana wapi. Zoezi lilikuwa na alama thelathini kwa mia. Aliyezikosa alikuwa na hakika ya kulirudia somo mwaka unaofuata, wenzake wakiwa wameshaenda kufundisha.

“Chukua namba nne,” Annastella alimshauri. Huyu alikuwa rafiki yake tangu mwaka wa kwanza, binti wa wakulima wa kahawa wa Kashozi, mtu asiyependa kujisumbua pasipo na sababu. “Namba nne ndiyo fupi kuliko zote. Mimi nimeiangalia jana huku nasuka nywele.”

“Inahusu nini?”

“Mfalme anaoa, mfalme anaacha, mfalme anakufa. Basi.”

“Hiyo nitaandika nini mimi?”

“Utaandika kwamba mfalme alikufa, Shamsia! Unataka alama au unataka ugomvi?”

Shamsia alitaka vyote viwili, lakini hakusema. Alichotaka hasa ni ile filamu moja tu, na sababu anaijua mwenyewe. Katika daftari lake la historia, nyarubanja ilikuwa na mistari miwili: utaratibu wa zamani wa Buhaya ambapo mtu mkubwa alipewa eneo pamoja na watu waliomo, nao wakawa wapangaji wake kwenye migomba waliyoipanda wenyewe, hadi sheria ya baada ya Uhuru ilipoufuta. Mistari miwili, nukta, ukurasa unafunguliwa. Lakini bibi yake alizaliwa ndani ya mistari hiyo miwili. Mama yake bibi alitolewa kwenye kibanja chake cha migomba akiwa na ujauzito, akaondoka na jembe na chungu kimoja. Na nyarubanja yenyewe Shamsia hakuijulia shuleni. Aliijua akiwa na miaka minane, amekaa benchi la mbele katika banda la video la mjomba wake Burhani, Muleba, likizo ya Desemba.

Filamu ilikuwa ya mbali, nchi gani hakuna aliyejua. Watu walivaa hariri na kufunga nywele utosini. Mjomba Burhani alikaa pembeni ya skrini ameshika maiki, akiwatilia wahusika maneno ya Kiswahili kama wafanyavyo watafsiri wote wa vibandani, na maneno aliyowatilia yalikuwa ya Muleba: vibanja, vibuyu vya pombe ya ndizi iitwayo rubisi, machifu wadogo waitwao watwale, nyarubanja. Shamsia aliyameza mazima. Mpaka anafika darasa la sita aliamini kwamba mababu wa Kihaya walivaa hariri na kufunga nywele utosini, na siku moja aliwachorea hivyo kwenye mtihani, mwalimu akamwita ofisini kumuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

Alhamisi asubuhi alipanda basi kwenda Muleba.

*

Banda lilikuwa limemaliza kazi yake. Siku hizi kila mtu ana sinema mfukoni, na mle ndani jirani alihifadhi magunia ya kahawa. Mjomba Burhani mwenyewe alikuwa na kibanda mbele yake, akitengeneza redio na kuwawekea watu nyimbo kwenye simu. Alipomwona mpwa wake aliweka chini chuma cha kulehemu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mama. Nyumbani Nyanga hawajambo? Mama yako ameacha kununa?”

“Hajambo, na hajaacha. Nimekuja kumchukua Bwana Onja.”

Burhani alicheka hadi akashika kiuno. Bwana Onja ndiye aliyekuwa mbaya wa ile filamu, yule mtawala aliyetembelea watu wake na kuonja kinywaji cha kila nyumba kabla ya kuamua nani abaki na nani aondoke. “Yupo! Yupo kwenye flashi, anapumua. Unataka kumwonyesha nani?”

“Mkufunzi wangu. Na darasa zima.”

Kicheko kikakatika.

“Chuoni?”

“Chuoni, mjomba.”

“Hapana.” Akachukua chuma chake, akakiweka tena. “Mama, wewe unataka kunivua nguo sokoni. Watu waliosoma wakae kwenye viti, wasikie Burhani anamwita mtu wa hariri ‘mtwale’? Nikuambie jambo ambalo hata mama yako halijui.” Akainama, akashusha sauti, ingawa aliyekuwa karibu ni kuku peke yake. “Ile lugha mimi sikuijua. Hata neno moja.”

“Najua, mjomba.”

“Unajua?”

“Kwenye filamu yako mtu anasema ‘ho’, wewe unaongea dakika mbili.”

Burhani alimtazama, akajaribu kukasirika, akashindwa. Alimvutia kigoda akae, akaagiza chai kwa mama wa jirani, kisha akamweleza jinsi ilivyokuwa.

Ile filamu aliinunua sokoni Bukoba kwa sababu ya picha ya jalada: mtu ameshika upanga. Alipoiweka, upanga ule haukuchomolewa hata mara moja. Saa mbili nzima watu wanakunywa, wanasujudu, wanapima mashamba kwa kamba. Watafsiri wakubwa wa Dar es Salaam hawakuigusa, maana haina ngumi. Yeye siku ya kwanza alijitahidi kubuni mapenzi, vijana wakaanza kupiga miluzi. Alikuwa amefika pale kwenye kupima mashamba, mwanamke amepiga magoti mbele ya wapimaji, mvua kubwa inanyesha nje, na ndani ameingia Bi Nuriat, bibi kizee wa jirani ambaye maisha yake yote hakuwahi kukanyaga banda la video. Aliingia kujikinga na mvua.

“Basi Bi Nuriat akasimama,” alisema Burhani. “Akaielekezea skrini fimbo. ‘Huyo! Huyo ndiye aliyemtoa mama kwenye kibanja!’ Watu wakacheka. Mimi sijui nini kilinishika, nikamuuliza kwa maiki, kwa adabu ya Kihaya, ‘Alimtoaje, waitu?’ Akanieleza. Alilolisema yeye, nikalitia mdomoni mwa yule mwanamke aliyepiga magoti. Na mama, lilienea! Kama nguo iliyopimwa. Miluzi ikakoma.”

Kesho yake alasiri walikuja wazee wanne. Keshokutwa kumi na mmoja. Walikaa mbele, vijana wakasogea nyuma wenyewe. Na wazee wale hawakuja kuangalia tu, walikuja kusahihisha.

“‘Si vibuyu saba, Burhani, unadanganya watu. Vitatu, na kimoja kidogo cha mke wake.’ Huyo Mzee Lukmani. ‘Na hakuja na mbwa, alikuja na mpiga ngoma.’ Huyo Mzee Avit. Lukmani anasema mbwa alikuwepo, Avit anasema wewe Lukmani ulikuwa hujazaliwa. Nasimamisha filamu. Mara moja wamebishana hadi adhana ya magharibi, yule mtu wa hariri ameganda kwenye skrini amefungua mdomo, anawasubiri.”

Shamsia alicheka hadi chai ikampalia.

“Wiki tano, mama. Nikawa nasahau, nagombezwa, nikaanza kuandika.” Aliingiza mkono chini ya meza, akapekua waya na betri zilizokufa, akatoa daftari la kurasa tisini na sita ambalo jalada lake lililiwa na panya. Ndani, kwa mwandiko wa kalamu za rangi tofauti, palikuwa na tarehe, jina la mzee, na alichosahihisha. Pale ambapo wawili hawakupatana, Burhani aliandika maneno ya wote wawili na kuchora mstari katikati. “Waliponyamaza wote, alasiri nzima bila mtu kunyoosha fimbo, ndipo nikarekodi. Kwa hiyo usiwaambie huko kwamba nilitafsiri. Mimi niliandikishwa.”

Shamsia alifunua kurasa polepole. Mwanafunzi huyu wa stashahada alikuwa amefundishwa mihula mitatu jinsi ya kukusanya masimulizi ya wazee: uliza, andika, linganisha, rudi tena. Hapa palikuwa na kazi hiyo yote, imefanywa na fundi redio kwa ajili ya kuzuia miluzi.

“Mjomba, nipe na hili daftari.”

Burhani alilikung’uta vumbi kwanza. “Wacheke filamu,” alisema mwishowe. “Mimi pia wanicheke, nimezoea. Wale wazee wasichekwe. Wote wamekufa isipokuwa Avit, na Avit siku hizi hasikii. Ukiona wanawacheka, zima.”

“Nitazima.”

“Niapie.”

“Wallahi nitazima.”

Akampa daftari, flashi, na mkungu wa ndizi wa kumpelekea mama yake anayenuna.

*

Ijumaa saa nne darasa lilijaa. Annastella alikuwa ametangaza bwenini kwamba kuna sinema ya bure, na hata wa mwaka wa kwanza walijipenyeza. Mkufunzi Rutaihwa alikaa kiti cha mbele pembeni, fomu ya Shamsia magotini, kalamu nyekundu mfukoni mwa shati. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye sauti ya upole iliyowatisha wanafunzi kuliko makelele ya wengine.

“Haya, Shamsia. Dakika kumi na tano. Nithibitishie kwamba hii ni filamu ya kihistoria na si mchezo wa mjomba.”

Shamsia alieleza kwa ufupi, akapitisha daftari kwenye safu ya mbele, akabonyeza.

Ukutani akatokea mtu wa hariri, nywele utosini, juu ya farasi. Sauti ya Burhani ikafuata, changa kwa miaka kumi na tano, ikikwaruza kwenye maiki mbovu: “Sasa huyu hapa, ndugu watazamaji, ndiye Bwana Onja, anateremka kutoka mlimani kwake, anakwenda kuwatembelea watwana wake!”

Darasa likapasuka. Mmoja aligonga meza, mwingine akapiga kigelegele. Kidole cha Shamsia kilikuwa tayari juu ya kitufe. Alisubiri. Kicheko kilikuwa cha yule mtu wa hariri na farasi wake, na hicho alikiruhusu.

Kisha likaja lile tukio la kuonja. Mitungi imepangwa uani, watu wameinamisha vichwa, mtawala anachota kwa kijiko cha fedha, anaonja, anamwaga. Na Burhani akasema, bila mbwembwe sasa: “Hapa mnaona kijiko. Msikiamini kijiko. Wazee wanasema alikuwa na mrija, mrija wake mwenyewe, umezungushiwa waya wa shaba. Anauchovya kwenye rubisi, anavuta kidogo. Ikiwa tamu, umebaki. Ikiwa chachu, anaupangusa mrija kwenye bega la mwenye nyumba. Ukipanguswa bega, jioni hiyo unahama. Bi Nuriat anasema mama yake alipanguswa.”

Hakuna aliyecheka. Mwanamke wa kwenye ukuta alikuwa anaondoka na mzigo kichwani, na ghafla hariri yake haikuonekana tena kuwa ya mbali.

“Simamisha,” alisema Mkufunzi Rutaihwa.

Shamsia akasimamisha.

Mkufunzi alikuwa amesimama bila yeye mwenyewe kujua. Fomu ilikuwa imeanguka sakafuni. “Huo mrija,” alisema. “Nani aliwaambia habari za huo mrija?”

“Imo kwenye daftari, Mkufunzi. Tarehe tisa, Bi Nuriat. Tarehe kumi na mbili, Mzee Avit anakubali, anaongeza kwamba waya ulikuwa wa shaba.”

“Mrija huo uko kwetu.” Sauti yake ilikuwa ya upole vilevile, lakini imepungua. “Umetundikwa sebuleni, Muleba, chini ya picha ya babu. Tangu mtoto naambiwa ni mrija wa heshima. Kila mgeni anaonyeshwa.”

Nje bodaboda zilisikika zikipanda mlima. Annastella alijifunika uso kwa daftari lake.

“Babu yangu ndiye aliyetoa kiwanja cha shule,” Mkufunzi aliendelea, kama anayesahihisha insha ya mtu. “Watu wazima wanavua kofia wakipita kaburini kwake. Na wewe unamleta darasani kwangu kwa jina la Bwana Onja, amepanda farasi! Hii si historia, Shamsia. Huu ni uzushi wa kibandani.”

Shamsia aliitazama fomu pale sakafuni. Alama thelathini zilikuwa zimesimama mbele yake zimekunja uso. Angeweza kusema samahani, akachukua namba nne, akaandika kwamba mfalme alioa, akaacha, akafa. Lakini ulimi wake haukuwahi kumtupa, na siku hiyo pia ulitangulia mbele.

“Mkufunzi, kwa heshima zote. Ikiwa ni uzushi, basi huyo si babu yako, na hakuna aliyemgusa. Ikiwa ni babu yako, basi si uzushi. Ulitaka ushahidi mezani saa nne. Mjomba wangu hakuwahi kuingia sebuleni kwenu. Filamu ina kijiko, yeye akasema mrija. Mrija upo. Na swali la tatu la zoezi uliliandika wewe mwenyewe: historia na filamu vinaachana wapi? Vinaachana hapo.”

Safu ya nyuma mtu alivuta pumzi kwa sauti.

Mkufunzi Rutaihwa aliinama, akaokota fomu. Alichukua daftari la Burhani kutoka kwa mwanafunzi wa mbele, akasoma tarehe tisa, akasoma tarehe kumi na mbili, akarudi nyuma kwenye mwanzo akasoma tena, kwa utaratibu wa mtu ambaye kazi yake ni kusoma. Alikaa muda mrefu kwenye ukurasa wenye mstari katikati, mbwa upande huu, mpiga ngoma upande ule.

“Mpiga ngoma,” alisema hatimaye, karibu kwa kunong’ona. “Mbwa walikuwa wa baba mdogo.”

“Nitaandika,” alisema Shamsia.

“Na alikuwa anaonja kwa sababu aliwahi kutiliwa sumu. Hilo wazee wako walilijua?”

“Hapana, Mkufunzi. Halimo.”

“Basi liandike.”

“Nitaliandika na jina lako pembeni, kama wengine. Lakini sumu haifanyi kibuyu cha chachu kuwa kosa la kumtoa mjamzito, mama wa bibi yangu, nyumbani kwake.”

Mkufunzi aliliweka daftari mezani. Kisha, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, pembe ya mdomo wake ikacheza. Alitoa kalamu nyekundu, akaweka fomu juu ya meza, akakata maneno yake mwenyewe ya Jumatatu, na chini yake akaandika neno moja: Imekubaliwa. Akatia sahihi na tarehe.

Annastella aliangusha daftari akapiga makofi, na darasa zima likamfuata, wa mwaka wa kwanza wakiwa wa kwanza.

“Nyamazeni.” Wakanyamaza. “Filamu nimeikubali. Mrija nitaupiga picha Jumapili, nitakuletea, uuweke kwenye kazi yako. Mimi ni mwalimu wa historia, sitakimbia shamba langu mwenyewe. Lakini, Shamsia, mimi pia ni mjukuu. Umemfanya babu yangu achekwe mbele ya watu sitini. Kabla hujakaa, utaniomba radhi, mimi na ukoo wangu. Neno moja tu, tuendelee na kazi.”

Alilisema kwa upole, na haki ya kuliomba alikuwa nayo, kwa mila na kwa umri. Wote walimgeukia Shamsia. Annastella alimkonyeza: sema, sema, umeshashinda. Shamsia alichomoa flashi, akaifunga kwenye leso, akalichukua daftari la mjomba wake mezani kwa mikono miwili.

“Asante kwa mrija, Mkufunzi,” alisema. “Asante kwa sumu na kwa mpiga ngoma. Kazi nitaileta kwa wakati, kurasa kumi na mbili, na babu yako ataandikwa kwa adabu, kwa jina lake kamili. Ila radhi siombi. Si leo, na siku ya kuikabidhi kazi pia usiingoje.”